Ahadi ya Nchi Hupimwa Siku ya Gharama

Mkataba wa ulinzi ni karatasi. Hutiwa sahihi mezani, mbele ya bendera na wapiga picha, wakati ambapo hakuna risasi hata moja inayolia. Askari aliyeko mstari wa mbele hawezi kujikinga kwa karatasi hiyo. Analotaka kulijua ni jambo moja tu: je, kikosi cha nchi rafiki kilichopewa jukumu la kulinda ubavu wake wa kushoto kitakuwapo alfajiri, adui atakapoanza kushambulia? Swali hilo la askari handakini ndilo ambalo kila Serikali hujiuliza kabla ya kufunga mapatano ya kijeshi na Serikali nyingine, na jibu lake hailitafuti katika vifungu vya mkataba peke yake. Hulitafuta katika mwenendo wa nchi ile siku za nyuma.

Jambo hili limekuwa zito zaidi katika eneo letu tangu Januari 2025, wakati kikosi kipya cha Umoja wa Afrika nchini Somalia, AUSSOM, kilipochukua mahali pa ATMIS, ambacho nacho kilikuwa kimerithi kazi ya AMISOM mwezi Aprili 2022. Burundi, iliyokuwako Somalia tangu mwaka 2007, haikuendelea. Misri iliahidi kuingia. Uganda, Kenya, Ethiopia na Djibouti zikabaki katika orodha. Nyuma ya majadiliano yote juu ya idadi ya askari na fedha za kuwalipa lilikuwapo swali lile lile: nani anategemeka, na tumejuaje?

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi sifa ya kutegemewa inavyopatikana, inavyotumika na inavyopotea. Msingi wa hoja yetu ni kwamba sifa hiyo haipatikani siku ya kutia sahihi, bali siku ile ambapo kutimiza ahadi kunauma. Tena sifa hiyo haitazamwi na mshirika peke yake. Adui huitazama, na raia wa mahali vita vinapopiganwa huitazama pia.

WASHIRIKA WALIOJENGEANA NGOME

Yafaa tuanze na mfano wa kale wa Ulaya, kwa maana hesabu yake imekwisha kufungwa na matokeo yake yanajulikana, kisha turejee nyumbani.

Mwaka 1882 Ujerumani, Austria-Hungary na Italia zilifunga mapatano ya kusaidiana vitani. Mapatano hayo yaliongezwa muda mara kadhaa na yalikuwa hai hadi Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza. Kwa mtu aliyesoma mkataba tu, hao walikuwa marafiki watatu waliofungamana kwa zaidi ya miaka 30. Lakini Italia ilikuwa na madai juu ya ardhi iliyokuwa chini ya Austria, na mwaka 1902 ilibadilishana barua za siri na Ufaransa, ikiihakikishia kwamba haitaingia katika vita ya kuishambulia. Minong'ono ya mambo kama hayo haifichiki kwa muda mrefu.

Matokeo yake yalikuwa ya ajabu. Austria-Hungary, huku ikiwa mshirika wa Italia kwa mkataba, ilijenga ngome katika milima ya mpaka wake na Italia. Mnadhimu Mkuu wa jeshi lake, Conrad von Hötzendorf, alipendekeza mara kwa mara kwamba Italia ishambuliwe kabla haijawa tayari, na mwaka 1911 aliondolewa madarakani kwa muda kwa sababu ya kushikilia rai hiyo. Saruji, mizinga na askari ambao wangeweza kuwekwa mbele ya adui viliwekwa mbele ya rafiki.

Vita vilipozuka Agosti 1914, Italia ilitangaza kwamba haitaegemea upande wowote. Ikumbukwe kwamba kwa herufi za mkataba ilikuwa na hoja: mapatano yalikuwa ya kujihami, na Austria ndiyo iliyoanza kuishambulia Serbia. Hata hivyo, tarehe 26 Aprili 1915 Italia ilitia sahihi mkataba wa siri mjini London na Uingereza, Ufaransa na Urusi, na mwezi uliofuata ikatangaza vita dhidi ya Austria-Hungary, mshirika wake wa jana.

Fundisho la kwanza ni hili. Nchi isiyotegemewa haikosi mikataba. Huipata, na pengine hupewa kiti mezani na kukaribishwa katika karamu. Inachokosa ni ule moyo wa mshirika kumpa mgongo bila kugeuka nyuma. Kwa lugha ya kijeshi, mshirika wa namna hiyo haongezi nguvu, bali huzipunguza, kwa maana humlazimu mwenzake kuweka akiba ya askari kwa ajili ya kumchunga yeye.

ADUI NAYE HUSOMA

Sasa tuje Afrika, katika miezi michache ya mwaka 1993 na 1994 ambayo wanajeshi wa eneo hili hawana budi kuijua vizuri.

Desemba 1992 Marekani iliongoza jeshi kubwa la kimataifa kuingia Somalia ili chakula kiwafikie watu waliokuwa wakifa kwa njaa. Mwaka uliofuata kazi hiyo ilikabidhiwa kwa Umoja wa Mataifa, huku baadhi ya askari wa Marekani wakibaki. Tarehe 3 na 4 Oktoba 1993 askari 18 wa Marekani waliuawa katika mapigano ya mjini Mogadishu. Siku chache baadaye Rais Clinton alitangaza kwamba majeshi yake yangeondoka kabla ya mwisho wa Machi 1994, na ndivyo ilivyokuwa. Mwezi Machi 1995 askari wa mwisho wa Umoja wa Mataifa nao waliondoka.

Hatuandiki haya ili kuwacheka wafu. Askari wale walipigana kwa ushujaa, na wananchi wa Marekani walikuwa na haki ya kuiuliza Serikali yao kwa nini vijana wao wanakufa mahali ambapo hawakuelezwa vizuri sababu yake. Lakini wapo watu wengine waliokuwa wakiitazama picha ile, nao waliweka hesabu yao. Osama bin Laden, katika tangazo lake la vita dhidi ya Marekani la mwaka 1996, aliutaja waziwazi uondokaji ule wa Mogadishu kuwa ushahidi wa udhaifu.

Kigali hesabu hiyo ilifanywa mapema zaidi. Tarehe 5 Oktoba 1993, siku moja tu baada ya mapigano ya Mogadishu, Baraza la Usalama lilipitisha azimio la kuunda kikosi cha kusimamia Mapatano ya Arusha nchini Rwanda. Kamanda wake alikuwa Jenerali Roméo Dallaire wa Kanada, na askari waliokuwa na mafunzo na zana bora katika kikosi hicho walikuwa Wabelgiji. Tarehe 11 Januari 1994 Jenerali Dallaire aliwapelekea wakuu wake mjini New York taarifa ya siri, akieleza habari alizopewa na mtu aliyekuwa ndani ya mipango ya wauaji. Miongoni mwa habari hizo ilikuwamo hii: askari wa Kibelgiji wachokozwe, na wakitumia nguvu baadhi yao wauawe, ili Ubelgiji iliondoe jeshi lake.

Miezi mitatu baadaye ikawa hivyo hivyo. Tarehe 7 Aprili 1994 askari 10 wa miavuli wa Ubelgiji, waliokuwa wamepewa kazi ya kumlinda Waziri Mkuu Agathe Uwilingiyimana, walikamatwa wakauawa, na Waziri Mkuu naye akauawa. Ubelgiji iliondoa kikosi chake. Tarehe 21 Aprili Baraza la Usalama likaamua kwamba kikosi kilichoidhinishwa kuwa na watu zaidi ya 2,500 kipunguzwe hadi 270. Mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi yaliendelea hadi Julai.

Msomaji askari atalitambua jambo la kutisha lililomo humo. Wauaji hawakuwa na nguvu ya kuishinda Ubelgiji, sembuse Umoja wa Mataifa. Walichokuwa nacho ni ujuzi wa mahali ahadi ilipo nyembamba. Walihesabu idadi ya maiti itakayotosha kuivunja, wakailipa. Hii ndiyo maana tunasema sifa ya kutokutegemewa ni hatari kwa askari mwenyewe kabla haijawa hatari kwa mwanasiasa: nchi inayojulikana kwamba hurudi nyuma ikipata hasara, humfundisha adui kuwatafuta askari wake kwanza.

Kwa upande wa pili, haifai kusahau kwamba si wote walioondoka. Waghana, ambao naibu kamanda wa kikosi, Brigedia Henry Anyidoho, alikuwa mtu wao, walibaki Kigali pamoja na Watunisia na wengine wachache. Kwa silaha hafifu na chakula haba waliendelea kuwalinda maelfu ya raia waliokimbilia Uwanja wa Amahoro na mahali pengine mjini. Hawakuweza kuyazuia mauaji nchini, lakini waliowalinda wengi wao waliona mwezi wa Julai.

MOGADISHU, 2007 HADI 2011

Basi wakati Umoja wa Afrika ulipoamua tarehe 19 Januari 2007 kupeleka kikosi cha AMISOM huko Somalia, kila mtu aliyekuwa na kumbukumbu alijua mambo mawili: kwamba Mogadishu ni mahali ambapo jeshi lenye nguvu kuliko yote duniani liliamua kuondoka, na kwamba wapiganaji wa Al-Shabaab walilijua hilo pia. Idadi iliyokusudiwa ilikuwa askari 8,000. Nchi kadhaa ziliahidi kuchangia, zikiwamo Nigeria, Ghana, Malawi, Uganda na Burundi.

Waganda walishuka Mogadishu mwezi Machi 2007. Kikosi cha kwanza cha Burundi kiliwasili mwezi Desemba mwaka huo huo. Wengine hawakutokea, kila mmoja kwa sababu zake. Majeshi ya Ethiopia, yaliyokuwa yameingia Somalia mwishoni mwa mwaka 2006 kwa mapatano yao wenyewe na Serikali ya mpito, yaliondoka Januari 2009. Hapo AMISOM ikabaki na nchi mbili, na askari wasiofika nusu ya idadi iliyokusudiwa, wakishikilia uwanja wa ndege, bandari, njia zinazoziunganisha na eneo dogo la kuzunguka Serikali.

Adui akaanza kuipima ahadi, sawasawa na ilivyofanyika Kigali. Mwezi Februari 2009 askari 11 wa Burundi waliuawa katika shambulio moja la kujitoa mhanga. Tarehe 17 Septemba mwaka huo magari yaliyojazwa milipuko yaliingizwa hadi makao makuu ya kikosi, yakaua askari 17 wa Umoja wa Afrika, na miongoni mwao Naibu Kamanda, Meja Jenerali Juvénal Niyonguruza wa Burundi. Tarehe 11 Julai 2010, watu walipokuwa wakitazama fainali ya Kombe la Dunia, mabomu yalilipuka mjini Kampala, katika mkahawa wa Ethiopian Village huko Kabalagala na katika uwanja wa klabu ya ragabi ya Kyadondo. Raia zaidi ya 70 waliuawa. Al-Shabaab walijigamba kwamba wamefanya hivyo kwa sababu askari wa Uganda wako Mogadishu.

Hiyo ndiyo iliyokuwa siku ya gharama. Haikuwa tena gharama ya askari aliyeapa kufa kazini, bali ya mwananchi aliyekwenda kutazama mpira. Kama hesabu ya mwaka 1994 ingekuwa sahihi siku zote, mabomu yale yangeliondoa jeshi la Uganda Somalia. Badala yake Uganda iliongeza askari, na Burundi nayo haikutoka. Desemba 2010 Baraza la Usalama liliinua kikomo cha idadi ya askari hadi 12,000, na Agosti 2011 Al-Shabaab waliondoa wapiganaji wao wengi katika jiji la Mogadishu.

Yaliyofuata ndiyo kiini cha makala haya. Djibouti ilileta askari wake Desemba 2011. Kenya, iliyovuka mpaka kwa operesheni yake yenyewe Oktoba 2011, iliingia rasmi katika AMISOM mwaka 2012. Sierra Leone ilifuata mwaka 2013, na Ethiopia ikajiunga Januari 2014. Kila nchi ilikuwa na sababu zake, za usalama wa mpaka, za fedha na za heshima. Lakini ni rahisi zaidi kuingia katika kikosi ambacho tayari imethibitika kwamba waliomo hawatakuacha peke yako usiku. Nchi mbili, ambazo hakuna hata moja iliyohesabiwa kuwa tajiri, ziliwavuta wengine kwa kubaki tu.

Tena waliobaki walipata sauti. Kamanda wa kikosi alitoka Uganda tangu mwaka 2007 hadi mwishoni mwa mwaka 2013, ndipo akashika Mburundi. Burundi, ambayo miaka michache tu nyuma ilikuwa yenyewe inasuluhishwa na kulindwa na askari wa mataifa mengine, iligeuka kuwa nchi inayoombwa askari. Heshima kama hiyo hainunuliwi kwa hotuba.

WANAOBISHA

Wako wataalamu wa mambo ya kimataifa wanaobisha. Wanasema kwamba Serikali zikiwa katika hatari haziangalii historia ya mtu, bali huangalia mambo mawili ya leo: ana nguvu kiasi gani, na ana faida gani katika jambo hili. Kwa maoni yao, nchi inayopeleka vijana wake kufa ili tu "isivunjike jina" inapigana vita vya bure.

Hoja hiyo haifai kudharauliwa, na nusu yake ni kweli. Uganda isingebaki Somalia kwa ajili ya jina peke yake. Iliona kwamba kundi lenye uwezo wa kulipua Kampala halifai kuachiwa nchi nzima. Marekani nayo, baada ya mwaka 1994, haikukosa washirika, kwa sababu nguvu zake ni kubwa mno kupuuzwa. Lakini hapo ndipo tofauti ilipo. Nchi kubwa inaweza kuvunja ahadi moja na bado ikatafutwa kesho yake. Nchi ndogo na ya wastani haina akiba hiyo. Haina manowari wala ndege za kuwafanya wengine waisamehe. Mali yake katika soko la mapatano ni neno lake, na neno hilo likichakaa hakuna kitu kingine cha kuweka mezani.

RAIA NI SHAHIDI WA TATU

Tumemsema mshirika, tumemsema adui. Amebaki raia, ambaye katika maandishi ya wakubwa husahauliwa, lakini ambaye askari wa doria na polisi wa kituo hukutana naye kila siku.

Mzee wa kijiji anayekuonyesha mahali bomu lilipofukiwa anafanya mapatano ya kijeshi na wewe, ingawa hakuna sahihi. Anaweka rehani shingo yake na ya watoto wake kwa kuamini kwamba kesho utakuwapo. Mwezi Oktoba 2016, majeshi ya Ethiopia yalipoondoka katika mji wa Tiyeglow, Al-Shabaab waliingia bila kukawia. Miji mingine kadhaa ilipata kuachwa na kuchukuliwa kwa namna hiyo hiyo mwaka huo. Yawezekana makamanda walikuwa na sababu nzuri za kivita za kuondoka. Lakini jirani wa mji ulioachwa hazijui sababu hizo; anajua tu kwamba waliotoa habari walibaki peke yao. Siku kikosi kingine kitakapofika kwake kuuliza njia, atasema hakuona kitu.

Mwenendo wa askari nao huingia katika hesabu hiyo. Mwaka 2014 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti juu ya baadhi ya askari wa AMISOM kuwanyanyasa wanawake mjini Mogadishu, na jina la kikosi kizima likachafuka. Agosti 2021 raia saba waliuawa na askari wa Uganda huko Golweyn. Novemba mwaka huo mahakama ya kijeshi ya Uganda iliwatia hatiani askari watano, na hukumu ikatolewa huko huko Somalia. Hukumu haimfufui mtu. Lakini jeshi linalosimamisha askari wake mbele ya sheria katika nchi ya waliodhulumiwa huwaonyesha raia kwamba neno lake linawafunga hata wake mwenyewe.

AHADI ISIYOELEWEKA NA AHADI ISIYO NA UWEZO

Si kila sifa mbaya hutokana na woga au hila. Nyingine hutokana na ahadi iliyosemwa vibaya tangu mwanzo, na kwa jambo hilo Mashariki ya Kongo imetupa mafundisho mawili karibu karibu.

Novemba 2022 kikosi cha Jumuiya ya Afrika Mashariki kilianza kuingia Goma, Wakenya wakitangulia. Serikali ya Kinshasa ilikitazamia kiwapige waasi wa M23. Waliokituma walikiona zaidi kuwa kikosi cha kusimamia usitishaji wa mapigano na kukaa katika maeneo ambayo waasi wangeyaachia. Kila upande uliamini kwamba unaishikilia ahadi, na kila upande ulikuwa umesoma ahadi nyingine. Kongo ilikataa kuongeza muda, na Desemba 2023 kikosi kiliondoka huku lawama zikirushwa pande zote.

Mwezi huo huo wakaingia askari wa SADC kutoka Afrika Kusini, Tanzania na Malawi. Safari hii jukumu la kupigana lilisemwa wazi, lakini nguvu zilizopelekwa hazikulingana nalo. Mwishoni mwa Januari 2025 Goma iliangukia mikononi mwa M23, na tarehe 13 Machi 2025 wakuu wa nchi za SADC wakaamua kukihitimisha kikosi hicho. Askari walioko chini walilipa kwa damu tofauti iliyokuwapo baina ya maneno na zana. Wa kwanza walionekana hawategemeki kwa sababu ahadi haikueleweka. Wa pili kwa sababu ahadi ilizidi uwezo. Katika hali zote mbili kosa lilitendeka kabla ya askari wa kwanza kupanda ndege.

Iko njia nyingine ya kupoteza imani, nayo ni kutenda mahali pengine jambo linalompinga yule unayemlinda. Tarehe 1 Januari 2024 Ethiopia, ambayo askari wake walikuwa wamekufa kwa miaka mingi katika ardhi ya Somalia, ilitia sahihi hati ya maelewano na Somaliland juu ya kupata njia ya kufika baharini. Mogadishu ililiona jambo hilo kuwa shambulio juu ya mamlaka yake, ikatangaza kwamba haitaki askari wa Ethiopia katika kikosi kitakachofuata, na Agosti mwaka huo ikafunga mapatano ya ulinzi na Misri. Ilihitajika suluhu ya Ankara ya tarehe 11 Desemba 2024, kwa usuluhishi wa Uturuki, ili mlango ufunguke tena. Damu ya miaka kumi nusura ifutwe na wino wa siku moja.

MZIGO WA ANAYETEGEMEWA

Haitakuwa haki kuisifu sifa hii bila kutaja mzigo wake. Punda anayebeba ndiye anayeongezewa. Nchi iliyothibitisha kwamba haitaondoka huanza kuhesabiwa kama mlima, ambao hakuna anayeuliza unakula nini. Januari 2016 Umoja wa Ulaya ulipunguza kwa asilimia 20 fedha za posho ya askari wa AMISOM. Desemba 2023 Baraza la Usalama lilipitisha azimio namba 2719, linaloruhusu vikosi vya Umoja wa Afrika kugharimiwa hadi asilimia 75 kutoka katika michango ya lazima ya Umoja wa Mataifa. Lakini muda uliowekwa kwa ajili ya Somalia ulipopita Mei 2025, Baraza lilikuwa halijakubaliana kulitumia, na AUSSOM ikaanza kazi yake ikiwa na upungufu mkubwa wa fedha. Nao adui hajaacha kupima. Tarehe 26 Mei 2023, huko Buulo Mareer, askari 54 wa Uganda waliuawa katika shambulio moja, kwa hesabu iliyotangazwa na Rais Museveni.

Hivyo ni lazima kutenganisha kutegemewa na ukaidi. Nchi inayotegemewa si ile isiyoondoka kamwe. Ni ile inayosema mapema itakaa kwa kazi gani na itaondoka katika hali gani, kisha ikatenda kama ilivyosema, ikimkabidhi mwenzake lindo mkononi badala ya kuliacha wazi. Kuondoka kwa utaratibu uliotangazwa hakuvunji jina. Linalovunja jina ni kuondoka usiku, au kuondoka kwa sababu adui amelipa bei aliyojua kwamba itatosha.

Tena uaminifu ni wa pande zote. Anayepeleka askari ametoa damu. Aliyeahidi kulipa, kuleta helikopta au kufunza jeshi la nchi mwenyeji naye ana neno lake. Kama askari anapimwa kwa siku ya gharama, mlipaji apimwe kwa mwisho wa mwezi.

YATUPASAYO

Ndugu askari na polisi, mambo ya mikataba huamuliwa na wakubwa, na si kazi ya koplo kuchagua washirika wa nchi. Lakini sifa ambayo wakubwa huitumia mezani hutengenezwa na koplo. Msafara uliofika saa iliyosemwa, lindo lililokabidhiwa na mtu aliye macho, mafuta ya gari yaliyobaki katika gari, mtoa habari ambaye jina lake halikusemwa kilabuni, kikosi cha jirani kilichosikia sauti yako katika redio ulipoahidi kuita: hizo ndizo sahihi ambazo mshirika anaziamini.

Wahenga walisema ahadi ni deni. Deni la nchi hulipwa na watu wake, na mara nyingi hulipwa na kijana aliye mbali na kwao, saa ya usiku, ambapo hakuna mpiga picha. Kwa hiyo wanaoahidi kwa niaba yake waahidi kidogo, waseme wazi, wampe zana zinazolingana na neno walilotoa. Naye, akishakabidhiwa ubavu wa mwenzake, aulinde mpaka atakapokuja wa kumpokea zamu.